Kazi ya Kifutio

Kazi ya Kifutio haikuwa na picha ya kupeleka nyumbani. Wenzake walipiga picha na mahema, na wageni wenye kofia pana, na mmoja hata na chui kwa mbali. Yeye kazi yake ilianza mahema yakishang'olewa. Kambi yao iliwafuata nyumbu: nyasi zikiisha nyumbu wanahama, na nyumbu wakihama kambi nayo inafungwa na kupakiwa kwenye malori. Hapo ndipo anabaki yeye na reki, ahakikishe kwamba pale walipolala watu thelathini hapabaki hata kijiti cha kiberiti. Ndiyo maana wakamwita Kifutio, na jina likamganda.

Miaka kumi na minne aliifanya kazi hiyo. Mama yake alikuwa amechoka kuulizwa na majirani mwanawe anafanya nini, naye kujibu "yuko porini", kana kwamba alizaa digidigi. Basi mjomba mtu alipofungua duka la vifaa vya ujenzi, mama alimtafutia mwanawe nafasi ya kusimamia stoo. Alipoona kwenye simu anazungushwa, alikuja mwenyewe kumchukua. Meneja wa kambi, mtu wa watu, akampa hema la wageni, kwa kuwa wageni walishaondoka na zilibaki siku tatu tu kambi ihame.

Mama huyu hakuwa wa kuchezewa. Alikuwa msimamizi wa usafi hospitalini hadi alipostaafu, na wauguzi walimwita Darubini, kwa jinsi alivyoliona vumbi chini ya kitanda akiwa bado mlangoni. Siku ya kwanza alipitisha kidole juu ya meza ya hema, akakitazama kidole. Siku ya pili alikaa mbele ya hema na chai yake, akiwaangalia nyumbu wakipita, wengi hadi akaacha kuwahesabu.

"Hawa nao hawana kwao," alisema.

"Wanako, Mama. Kwao ni hiyo njia yote."

"Usiniletee maneno ya vitabuni. Mjomba wako anataka jibu Jumatatu."

Kifutio kazi yake aliipenda, lakini hakuwahi kumkatalia mama yake jambo, na safari hii alijiogopa mwenyewe kwamba angekubali.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu hakungoja kupewa. Malori yalipoondoka, likabaki moja la kuwachukua, alikunja mikono ya gauni akamfuata mwanawe nyuma nyuma. Alimwona akizoa majivu ya jikoni hadi udongo wenyewe ukatokea. Alimwona akiziba matundu ya vigingi kwa udongo uleule uliotoka humo, akinyunyizia maji, kisha akiziinua nyasi zilizolala, taratibu, kama anayemchana mtoto nywele. Mama hakupata cha kukosoa, na kwa anayemjua hilo lilikuwa jambo la kutisha.

Jua lilipoanza kupoa, aliuliza, "Hema langu lilikuwa wapi?"

"Nionyeshe wewe."

Mama akaenda moja kwa moja hadi karibu na kichuguu, akasimama. "Hapa."

"Hapo palikuwa choo, Mama."

Dereva wa lori akageuka upande akicheka. Mama akajaribu tena, akakosea tena. Mwishowe akapiga magoti, akaanza kupapasa chini, maana kushindwa na udongo hakukubali. Kidole chake kikazama kidogo: tundu la kigingi, limezibwa, ila udongo umedidimia kiasi cha ukucha.

"Hiki nini?"

Kifutio akaja na koleo, akaongeza udongo, akashindilia.

"Bado," alisema mama.

Akashindilia tena. Mama akapitisha kiganja, huku na huku, akabaki amepiga magoti vilevile.

"Miaka thelathini nimefundisha watu kusafisha," alisema polepole. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kunipotezea mahali nilipolala."

Kifutio alifurahi hadi macho yakamchoma. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na mjomba nimwambie nini?"

"Mjomba wako ana watoto wake, wakae wao stoo. Nipe hiyo reki. Kule chooni nyasi bado zimelala."