Sinema Iliyonipa Mama Mwingine

Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto vilibaki katika mashine ya kiwanda cha matofali, mwaka wangu wa pili wa kazi Bukavu. Nilikuwa golikipa wa timu ya mtaa wetu huko Kadutu. Kidonda kilipopona nikarudi uwanjani, nikidhani watanipokea. Kapiteni aliutazama mkono wangu kama mtu anayekagua muhogo uliooza, akasema golini kuna mwingine sasa. Mwaka mzima nilikaa nje ya mstari nikishika nguo za wenzangu. Kisha yule golikipa mpya akaenda Shabunda kutafuta kazi ya dhahabu, nao wakawa hawana mtu. Ndivyo nilivyorudi. Hakuna aliyeniomba msamaha, wala hakuna aliyenikumbatia.

Nayasema haya mapema kwa sababu sinema ilisema mengine.

Padri mmoja, Mzungu aliyejua Kiswahili vizuri, alikuwa na kamera. Alikuwa amekwisha kutengeneza filamu ndogo za kuchekesha, na watu walizipenda. Siku moja aliniona nikidaka penalti. Baada ya mechi akanijia, akasema anataka kupiga filamu ya maisha yangu, tangu ajali ya kiwandani mpaka siku timu iliponibeba mabegani. Nikamwambia haijawahi kunibeba. Akacheka, akasema itanibeba Alhamisi.

Nilikubali. Sitadai kwamba nililazimishwa. Nilikuwa kijana, nikataka kuonekana.

Kazi ilichukua majuma matatu. Kapiteni alitakiwa anikumbatie huku akilia. Mara tano alishindwa, mara ya sita padri akampaka kitunguu karibu na macho. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nilicheka, ingawa moyoni nilikereka. Mwaka ule niliokuwa nikishika nguo zao hakuna aliyekuwa na machozi, na sasa yalikuwa yanatoka kwenye kitunguu.

Kisha padri akaniambia nimlete mama yangu.

Mama alikuwa akiuza maharagwe sokoni Nyangezi. Nilipoumia, aliacha biashara yake mwezi mzima, akaja kukaa nami Kadutu, akiosha kidonda kila asubuhi kwa maji ya moto yenye chumvi. Siku ya filamu alipanda lori, akashuka amevaa kikwembe chake kipya na kitambaa cha kichwa cha rangi ileile. Padri akamsalimia kwa heshima, kisha akamwonyesha nguo iliyochanika, akamwomba aivae.

Mama akaigeuza mkononi. "Padri, mutoto wangu aliumia mukono," akasema. "Nguo yangu haikuumia."

Padri akamweleza kwamba watazamaji wa Ulaya lazima wauone umaskini nilikotoka, la sivyo hawataelewa nimeshinda nini. Mama akamrudishia ile nguo, akaenda kukaa barazani. Basi padri akamwita mwanamke aliyekuwa akifagia uwanja wa kanisa. Yule akaivaa, na alijua kulia. Katika filamu ananifukuza nyumbani, anasema sina faida tena, ndipo padri ananifungulia mlango wake. Nilipiga magoti mbele ya mwanamke huyo nikimsihi asinifukuze, na mama yangu mzazi ameketi hatua kumi kutoka pale, ananitazama. Ningeweza kusimama. Sikusimama.

Filamu ilionyeshwa Jumapili mchana katika ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Wageni Wazungu walikaa mbele kwenye viti, sisi nyuma kwenye mabenchi. Mwishoni niliitwa mbele. Bwana mmoja akaushika mkono wangu, akauliza kama bado unauma, ila alimuuliza padri. Kisha wakaenda kunywa nyumbani kwa mapadri. Mimi na wenzangu tulibaki kupanga viti vya watu waliokuja kuona jinsi nilivyokubaliwa.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba watu waliamini. Watu wasiomjua mama waliniuliza kama amekwisha kutubu. Habari zikafika Nyangezi. Mteja mmoja akamuuliza mama sokoni aliwezaje kumfukuza mtoto aliyekatika vidole. Mama akafunga gunia lake, akarudi nyumbani kabla ya saa sita.

Nilikwenda kwa padri kumwomba akikate kile kipande. Alinisikiliza vizuri. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha. Akasema filamu imekwisha kupelekwa Ulaya, na kwamba watu wanajua ule ni mchezo tu.

"Hawajui, padri," nikasema.

Akasema wataelewa polepole.

Nikaacha mazoezi. Padri sikuweza kumfanya lolote, basi nikaususia mpira.

Juma la tatu kapiteni akaja kwangu, akauliza kama mimi ni mgonjwa. Nikasema hapana. Nikamuuliza kama siku ile, bila kitunguu, angelia.

"Ile siku nilikukatalia, nilifanya mubaya," akasema. "Niliogopa ule mukono. Lakini yale machozi hayakukuwa yangu."

Ni yeye peke yake aliyeniambia neno la kweli kuhusu jambo lile. Nikamwomba twende naye Nyangezi. Jumamosi akaja na baiskeli, tukapokezana kukanyaga. Sokoni akasimama kando ya maharagwe ya mama, akawaeleza waliokuwepo kwamba mama wa kwenye sinema ni mfagiaji wa kanisa, na aliyeosha kidonda ni huyu hapa. Wengine walikubali, wengine walisema tumetumwa.

Mama hakumshukuru. Watu walipopungua akaniambia, "Ulipiga magoti mbele ya mwanamuke mwingine, na mimi niko pale."

"Ndiyo, mama."

Akarudi kwa wateja wake.

Kesho yake nikarudi golini, tukacheza, tukafungwa mabao mawili, yote kwa uzembe wangu. Njia nzima ya kurudi kapiteni alinigombeza kama alivyomgombeza beki wetu, kwamba ninalala, kwamba ninatoka golini mapema mno. Mkono wangu hakuutaja.