Siku Mke Wangu Alipogeuzwa Mpangaji

Aibu hii siwezi kuificha, maana huko Korogwe na Handeni wanaoijua ni wengi kuliko wasioijua, na bado wananicheka kabla sijaitikia salamu. Kwa hiyo heri niieleze mwenyewe, kwa utaratibu, kama ilivyotokea.

Nilirudi Misima kutoka migodi ya shaba ya Zambia nikiwa na mke, Esinati, mtu wa Malawi. Vijiji vya ujamaa ndiyo kwanza vinaanza, na balozi wetu wa nyumba kumi akaniambia wazi kwamba mgeni asiye na kibali cha kuishi nchini atarudishwa kwao, kwamba wa kumdhamini ni mimi mumewe, na kwamba tutahojiwa Korogwe, kila mtu peke yake, ili ijulikane kama ndoa ni ya kweli. (Wapo waliokuwa wakioana kwa maneno tu, wapate kibali.) Esinati hakuwa na mtu kwao. Angerudi kwa nani?

Mimi ni mtu wa kujiandaa. Shule nimejisomea mwenyewe, na nikaona si vigumu kumfundisha mke wangu awe Mzigua kamili kabla ya mahojiano. Alizoea kuniita "Yohana!" kutoka jikoni, mpaka mama yangu anajifunika khanga kwa haya, kwa kuwa kwetu mke hatamki jina la mumewe, husema Baba Fulani, nasi mtoto hatukuwa naye bado.

"Sasa nikuite nani?" akauliza.

"Sema mwenye nyumba. Jina langu usilitaje kule, watakuona hukufundwa."

Nikajiona nimemaliza kazi.

Kule Korogwe aliingia yeye kwanza ofisini kwa afisa. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, chini ya dirisha lililo wazi, pamoja na mzee mmoja mfugaji na akina mama kadhaa, kila mtu na shauri lake.

"Huyu bwana uliyekuja naye ni nani wako?" nikamsikia afisa.

"Mwenye nyumba."

"Kumbe! Umepanga kwake?"

(Kiswahili Esinati alikipata kwangu, na nyumbani kwangu neno kupanga lina maana moja tu.) "Mimi? Yeye ndiye anapanga," akajibu kwa uchungu. "Kuni anapanga, masufuria anapanga. Mimi nikipanga, anapangua."

"Sikiliza, mama. Anapanga kwako, au wewe unapanga kwake?"

"Anapanga kote!"

Benchi likaanza kutikisika kwa kicheko.

"Basi jina lake nani?"

Nikasikia kiti chake kikisogea.

"Jina lake, mama."

"Halisemwi."

Hapo uvumilivu ukaniisha, nikaingia bila kuitwa. "Esinati, litaje!"

"Si umenikataza?"

Afisa akaweka kalamu chini. "Umemkataza kutaja jina lako, ndugu? Unaficha nini?"

Nikaanza kueleza mila, tangu mama mpaka mabibi, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Akanikatiza: "Mimi natoka Ziwa Magharibi, mke wangu ananiita kwa jina mchana kweupe. Huyu ni mpangaji wako. Akafunge mizigo, arudi kwao."

Lakini Esinati alisimama, na hakumtazama afisa, alinitazama mimi.

"Yohana Mhando Semkuya!" Sauti ilifika barabarani. "Nilikuambia niseme ninavyosema siku zote! Wewe unayelalia chupi chini ya godoro ili zinyooke! Unayepika ugali kwa saa ya mkononi! Unayekoroma halafu asubuhi unasema ni mimi! Leo wananirudisha, nani atakuvumilia, Yohana? Nani?"

Akaangua kilio. Nje, mzee mfugaji alicheka mpaka fimbo ikamwanguka.

Afisa naye alikuwa anajifuta macho. "Kaa, mama," akasema. "Mpangaji hafoki hivi. Angekwisha hama." Akavuta muhuri, akagonga.

Katika basi la kurudi habari ilikuwa imepanda nasi: mama mmoja aliyekuwa pale benchini aliposhuka njiani aliniaga, "Haya, mzee wa kunyoosha, kwaheri!" na basi zima likaitikia.

Nimeapa sitamfundisha tena mke wangu namna ya kunieleza kwa watu. Nilidhani hanijui vya kutosha. Kumbe ananijua kupita kiasi.