Siku Niliyomnunia Mzungu wa Watu

Aibu hii nilitaka nife nayo, lakini Baba Neema ameshaisimulia kanisani hapa Euless, huku ughaibuni, mpaka kwenye harusi za watu, basi afadhali mniulize mwenyewe.

Tulikuwa na gari la kulala, kubwa kama basi, kitanda na jiko humo humo, wajukuu wote wanaenea, Brayani, Glory, Ebeneza na yule mdogo Tumaini. Baba Neema akaliuza bila kuniuliza (eti magoti, eti tumebaki wawili) akaleta kigari cha dizeli, cheupe, kitanda kimoja nyuma ya pazia, ndani mkigeuka wawili mnagongana visogo. Nikanuna. Tukaanza safari ya kwanza, kwenda Houston kwa mdogo wangu Eliwaza, nikaapa simsemeshi mpaka tufike.

Njiani tukasimama pale madereva wanapopumzikia. Ilikuwa asubuhi, ukungu mzito, hata miti huioni. Nikaenda msalani, nikarudi nimeinamisha kichwa nisije nikamtazama usoni, nikafungua mlango wa kigari cheupe, nikavuta pazia la nyuma, nikajilaza, khanga usoni. Mara gari likaondoka. Nikaguna, mara moja tu, ajue bado nimenuna.

 Kisha sauti ya chini kutoka mbele ikasema kwa Kizungu, "Unasikia baridi, mpenzi?"

Jamani! Baba Neema tangu anioe hajaniita mpenzi, sembuse kwa Kizungu. Nikafunua khanga. Sufuria yangu ya ugali haipo. Ukutani sweta ya kike ya kijivu inabembea, chini ndala za kike zimepangwa kuelekea kitandani nilipolala, na kwenye kiti, kimefungwa mkanda kama mtoto, chungu cha bluu chenye mfuniko. Nikajua mume wangu kauziwa gari la marehemu, na mwenyewe kaja kulichukua nami nimo ndani.

"Baba Neema!" nikaita.

"Nipo, Ruth," sauti ikajibu.

Mimi si Ruth.

Nikavuta pazia nikikemea kwa jina la Yesu. Mzee wa Kizungu anaendesha bila kugeuka, machozi yanamtiririka. Aliponiona kwenye kioo akapiga yowe, nami nikapiga, gari likaserereka mpaka majanini, nikaruka chini pekupeku na khanga yangu, malori yananipigia honi. Nikatoa simu kifuani, nikampigia binti yangu Neema.

"Mama, uko kwenye gari la nani?"

Neema ndiye aliyetutafsiria. Mzee anaitwa Walter, na chunguni ni majivu ya mkewe, Ruth, anampeleka baharini.

Akanirudisha. Baba Neema yuko mlangoni mwa choo cha wanawake, sauti imemkauka, anaita ndani ya ukungu, "Elinaja! Elinaja!", jina langu ambalo hajalitaja tangu tuzae. Aliponiona akanishika mkono kwa nguvu, kisha akasema mbele ya watu wote, "Mama Neema, yaani umeninunia mpaka ukaenda kummalizia mzungu wa watu?"

Watu wakacheka. Walter hakucheka. Akasema, Neema akitafsiri kwenye simu, kwamba Ruth naye alikuwa akinuna nyuma ya pazia hivyo hivyo, ndiyo maana hakugeuka, aliogopa akigeuka Ruth ataondoka. "Nilimsikia akiguna," akasema. "Mara mbili."

Siku hizi nakaa kiti cha mbele, goti kwa goti na Baba Neema, nikinuna namnunia namwona. Na siguni tena, jamani. Nani ajuaye ni nani atakayeitikia.