Kabla hujabonyeza "Fix All": program ya ku-tune kompyuta ilivyomeza sauti ya Mama Koleta

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Jana kuna mdau kaleta uzi humu anauliza driver updater ipi nzuri, maana laptop yake imemwandikia kwa maandishi mekundu kwamba ina matatizo kibao. Watu wakaanza kumtajia majina, kila mtu na lake, kama wanaoelekezana kwa mganga.

Nimesoma mpaka damu ikachemka. Nikaona nikikaa kimya nitakuwa mnafiki.

Haya ninayoandika yalitokea mbele ya macho yangu. Majina nimebadilisha, mengine yote yako kama yalivyokuwa. Sina haja ya kuongeza chumvi, yenyewe inatosha.

Turudi nyuma kidogo, Morogoro, Kihonda. Soko huria limekolea. Viwanda vya mji wetu vingine vimeuzwa, vingine vimefungwa, na ukikutana na mtu mzima anauza duka lolote, jua alikuwa mfanyakazi wa kiwandani akapunguzwa.

Bosi wangu alikuwa mmoja wao. Tulimwita Mzee Spana. Maisha yake yote alikuwa fundi mitambo kiwandani, na kiwanda kilipofungwa akachukua kiinua mgongo chake akafungua stationery. Mbele tunachapa barua na kutoa photocopy. Nyuma, kwenye stoo, mimi nikamshawishi tuweke studio ya kurekodi kwaya.

Msicheke. Ukutani tulibandika magodoro na trei za mayai. Jirani alikuwa na mashine ya kukoboa, ikiunguruma tunakwenda kumpigia magoti aizime kidogo kwaya imalize ubeti. Kompyuta ilikuwa moja tu, used ya kutoka Ulaya, monitor ya chogo, Windows 98. Lakini ilikuwa inafanya kazi, na naomba mlishike hilo neno.

Ilikuwa INAFANYA KAZI.

Sasa, kuna kwaya ya kigango kimoja huko juu Mgeta. Wakulima wa kabichi na karoti, Wakatoliki wa siku zote. Mwanzishaji wao wa nyimbo alikuwa mama mmoja, Mama Koleta. Kwa umri angeweza kunizaa mara mbili, mwembamba, lafudhi ya Kiluguru haijaguswa na mjini hata kidogo. Huyu mama alikuwa na wimbo wa sadaka alioupokea kwa marehemu mama yake. Anauanzisha peke yake bila kinanda, sauti inapanda inapanda, halafu kwaya nzima inamwitikia.

Mimi ni Muislamu, wakuu, lakini sauti ile ilinisimamisha nywele.

Tatizo lilikuwa rovu. Shingoni lilikuwa limekua mpaka kumeza chakula ni kazi. Daktari alimwambia wazi kwamba kupasuliwa hakuepukiki, ila sauti inaweza isirudi kama ilivyokuwa. Tarehe ya upasuaji ilikuwa imeshapangwa.

Kwaya ikakaa kikao. Wakakubaliana kwamba kabla Mama Koleta hajalala kwenye meza ya daktari, sauti yake iingie kwenye kanda. Hilo ndilo lililowaleta kwetu.

Walishuka Jumamosi juu ya lori la mboga. Wakafika wamejifunga khanga na masweta, vumbi mpaka kwenye kope. Mama Koleta akanywa maji ya moto, akasimama mbele ya maiki, akafumba macho.

Tulirekodi mchana kutwa. Jirani wa mashine ya kukoboa, Mungu ambariki, siku ile alifunga mwenyewe akaja kusimama mlangoni kusikiliza.

Walipomaliza Mama Koleta akanishika mkono. Akasema, "Mwanangu, hiyo sauti unitunzie. Huko ninakokwenda sijui nitarudi nayo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, iko salama kwenye mashine. Akaenda zake hospitali, wenzake wakarudi Mgeta.

Najua kuna mtu vidole vinamuwasha aandike "mkuu, kwa nini hukufanya backup?" Ngoja nikujibu mapema. Backup ningeiweka wapi? Floppy? Wimbo mmoja ulikuwa hauingii hata robo yake. Flash wengi wetu hatujawahi kuiona. CD writer ilikuwa kwa jamaa mmoja mjini, na Jumatatu asubuhi nilipanda gari kwenda kumwomba atuazime, nikapitia na kununua CD tupu. Backup ndiyo niliyokuwa nimeifuata!

Nyuma yangu akaingia Injinia.

Injinia ni jina alilojipa. Alikuwa anazunguka na begi la CD, ofisi hadi ofisi, anatangaza "service ya kompyuta." Alivaa tai kwenye joto la Moro, hapo tu mtu mwenye akili angeanza kumtilia shaka.

Na Mzee Spana, kwa neno "service", alikuwa ameshanaswa. Lazima mumwelewe mzee wetu. Kiwandani walikuwa na utaratibu: kabla ya oda kubwa mitambo inazimwa, inafunguliwa, inasafishwa, inapakwa grisi, hata kama inazunguka vizuri. Yeye aliamini kiwanda chao kilikufa siku wakubwa walipoanza kupuuza service. Alikuwa akilisema hilo kwa uchungu kabisa. "Mashine haingojwi mpaka ife ndipo itibiwe," ndiyo ilikuwa dini yake.

Basi mzee akaona tuna oda kubwa, kanda za kwaya nzima, na mashine haijafanyiwa service tangu tuinunue. Akamwita Injinia ndani.

Nimerudi mchana na CD writer kwapani, nakuta mzee anatabasamu mpaka magego.

"Njoo uone," ananiambia. "Ilikuwa inaumwa hii, sisi hatujui tu. Imekutwa na makosa mamia! Sasa tazama, mshale uko kwenye kijani."

Kwenye screen kuna duara kama la spidi ya gari. Mshale ulianza kwenye nyekundu, sasa uko kwenye kijani, na chini imeandikwa kwa Kiingereza kwamba kompyuta yako ina afya tele.

Nikamuuliza Injinia amefanya nini hasa. Akanijibu kwa mapozi, "Nime-scan, nime-update drivers zote, nimetoa junk, nime-defrag ili disk ipumue. Fix All, mara moja tu."

Nikauliza drivers zilikuwa na shida gani. Akasema zilikuwa za zamani.

Za zamani! Na kompyuta yenyewe ni ya zamani! Ulitaka driver ya kesho kwenye mashine ya juzi?

Nikafungua wimbo. Kimya. Nikaongeza volume. Kimya. Kompyuta yenye afya tele ilikuwa imekuwa bubu. Ile program ilikuwa imetoa driver ya sound card, yaani kile kiprogramu kinachoendesha kadi ya sauti, iliyokuwa inafanya kazi, ikaweka ya kifaa kingine kinachofanana jina.

Injinia akasema ni kitu kidogo, anakwenda kuleta CD nyingine. Akafunga begi lake, akatoka. Wakuu, mpaka leo bado anaileta.

Nilihangaika siku kadhaa. CD ya driver hatukuwa nayo, mashine ilikuja kama yatima. Mwisho nikapata driver kwa mtu mwenye kompyuta kama yetu. Nikaweka, nika-restart, Windows ikalia ule mlio wake wa kuwaka. Mzee Spana akapiga makofi. Mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Tulishangilia mapema.

Nikafungua kazi ya kwaya. Majina ya nyimbo yapo, yamepangwa vizuri. Ndani hamna kitu. Mstari mmoja ulionyooka.

Nieleze kwa wasiojua mambo haya. Program yetu ya kurekodia, kabla hujamaliza mixing, ilikuwa inaweka sauti zenyewe kwenye folder la temp, la vitu vya muda. Kwa ile program ya kusafisha, chochote kilicho kwenye temp ni takataka. Haijui Mama Koleta ni nani. Iliona mafaili makubwa kwenye temp ikafurahi, ikayafuta yote, kisha ikajisifu kwamba "imeokoa nafasi."

Imeokoa! Neno hilo lilinifanya nitake kuirusha ile monitor barabarani.

Na mafaili yaliyofutwa kwa kawaida unaweza kuyarudisha ukiwahi. Lakini jamaa alishapiga defrag. Disk ilikuwa imekorogwa na kupangwa upya, juu ya sauti ile yameshalala mafaili mengine. Nilijaribu kila undelete iliyokuwa inapatikana Morogoro. Nilirudisha barua za watu za kuomba kazi. Nilirudisha kadi za mwaliko wa harusi za watu walioshaachana. Sauti ya Mama Koleta haikurudi hata neno moja.

Mzee Spana aliposikia alikaa kwenye kiti cha wateja akavua kofia. Sikuwa na moyo wa kumgombeza. Akauliza kitu kimoja tu, kama mama ameshapasuliwa.

Alikuwa ameshapasuliwa.

Wanakwaya walipotuma mtu kufuata kanda, mzee alikataa kumpa ujumbe. Akasema kosa la namna hii halitumwi, linapelekwa kwa miguu. Tukapanda Mgeta sisi wawili kwenye lori lililokuwa linarudi tupu, halafu tukashika njia ya miguu kupita kwenye matuta ya kabichi. Mzee yule, na magoti yake ya kiwandani, alipumzika kila kona, na hakulalamika.

Mama Koleta tulimkuta nje ya nyumba yake anachambua maharage, khanga imezungushwa shingoni. Nikasema shikamoo.

"Marahaba," akaitikia.

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Ilitoka sauti ya kukwaruza, nyembamba, kama mtu anayenong'ona akiwa na mafua. Daktari alikuwa amesema kweli. Mama mwenyewe alikuwa mzima, anakula vizuri, amenenepa kidogo. Ila ile sauti ilibaki kwenye meza ya upasuaji, na nakala yake sisi ndio tuliopewa tutunze.

Alitukaribisha chai kwanza, akakataa tuseme lolote kabla hatujanywa. Ndipo Mzee Spana akaeleza yote, hakuficha. Jinsi alivyomwita fundi, jinsi mashine ilivyokutwa na makosa mamia, jinsi ilivyosafishwa na kutibiwa. Alisema "kutibiwa" mara nyingi, nadhani ndilo neno alilokuwa amebaki nalo la kujishikilia.

Mama Koleta alimsikiliza mpaka mwisho. Mikono iliacha maharage. Machozi yalimtoka akayafuta kwa pindo la khanga, hakupiga kelele, na kelele nadhani asingeweza.

Kisha akanigeukia mimi.

"Siku ile nimeimba, ilikuwa inaumwa hiyo mashine?"

Nikamwambia, "Hapana mama. Ilikuwa nzima."

Akafungua khanga, akatuonyesha kovu, bado bichi.

"Mimi nilikuwa na rovu," akasema kwa ile sauti ya kukwaruza. "Ya kwenu mliikata nini?"

Mzee Spana aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Alitusamehe, na tulipoondoka alitufungia karoti. Mpaka leo kigangoni wimbo wa sadaka anauanzisha mama mwingine. Anajitahidi. Mama Koleta anakaa benchi la nyuma ya kwaya, midomo inatembea.

Sasa ndugu mdau wa jana, nakujibu.

Hizo programs biashara yake ni kukutisha. Scan ni bure kwa sababu ndiyo chambo. Hujawahi kuona hata moja iliyo-scan ikasema "uko sawa, nenda kalale." Kama sauti inatoka, picha inaonekana, mtandao unashika, drivers zako ziache zilivyo, ziwe za zamani zisiwe za zamani. Ukiwa na kifaa kimoja kinachosumbua kweli, shughulika na hicho hicho, na driver chukua kwa aliyetengeneza kompyuta au kupitia Windows Update. Nafasi ikijaa, Windows yenyewe ina kisafishaji chake, na hata hicho soma kinachofutwa kabla hujakubali. Na kabla ya yote hayo, kazi zako ziwe na nakala mahali pengine. Leo flash zimejaa mpaka kwenye maduka ya chumvi, huna kisingizio nilichokuwa nacho mimi.

Kuna watakaokuja kunipinga, waje, sina kinyongo. Kama una kompyuta iliyowahi kuokolewa na hizo tune-up, tueleze hapa chini. Ila usiniletee picha ya mshale ulio kwenye kijani, huo nimeshauona.

Anza kwa kujibu swali la Mama Koleta: ilikuwa inaumwa nini?