Kiondo cha Ndengu na Hoteli ya Katikati ya Mji

Siku yangu ya kwanza kazini nilibebeshwa ndengu. Nilifika ofisi ya safari mjini Kitui na viatu vya kuazima, nikidhani nitapewa kiti na meza. Mzee Muli, aliyekuwa Mkuu wa Safari, akapima kilo kumi za ndengu, akazitia kwenye kiondo, akaniwekea ukanda kichwani kama mama anayetoka kuteka maji, kisha akanituma Malindi.

"Ukifika," akasema, "tembea kutoka mlango wa hoteli mpaka baharini. Ukitua mzigo njiani hata mara moja, hiyo hoteli si yetu."

Shule niliiachia darasa la nne, kwa hivyo mzigo haukunitisha. Kilichonitisha ni karatasi. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya miguu. Niliitwa mtangulizi, yaani mtu anayetangulia kabla ya wageni kuchagua hoteli watakayolala. Wageni wetu walikuwa vikundi vya akina mama, kwaya za kanisa na walimu waliostaafu, wa Kitui na Makueni, wengi wao hawajawahi kuona bahari. Nikirudi nimeridhika, naweka sahihi kwenye vocha, ile karatasi ya kuiambia hoteli ituwekee vyumba. Bila sahihi ya mtangulizi, vocha haikutoka ofisini. Hiyo ilikuwa sheria ya Mzee Muli.

Nilimuuliza kwa nini tusiulize tu kwa simu bahari iko umbali gani. Akacheka mpaka akakohoa.

"Ndinda, sisi Wakamba tusiulizwe umbali. Mtu wa Tseikuru akikuambia ni hapo tu, funga chakula cha njiani."

Na ni kweli. Mtu aliyekua akifuata maji nusu siku, kwake kila mahali ni hapo tu. Hadanganyi, amezoea. Ndiyo maana tukapima kwa kiondo, kwa sababu mgongo haujui kusema hapo tu.

Wacha niwaambie vijana mnaochagua hoteli kwa picha za simu. Picha haitembei. Kila hoteli ina picha ya bahari, hata iliyo karibu na shamba la mkonge. Mimi nilitoka mlangoni na kiondo nikaenda baharini, nikarudi, nikaenda sokoni kwenye leso, nikaenda duka la dawa kwa sababu nusu ya mama zetu wana presha, nikaenda kanisani. Kisha nikampelekea mpishi ndengu zile nione atazifanya nini. Akiweza kuzipika zikaiva bila kuwa uji, nilimwachia zote. Hoteli ikiwa katikati ya mji, hayo yote unayamaliza kabla jua halijakuwa kali, na mama mzee anaweza kurudi chumbani adhuhuri anyooshe miguu, kisha atoke tena.

Kuna waliolalamika. Katikati ya mji kuna tuktuk, kuna muziki wa harusi, kuna adhana alfajiri. Mwalimu mmoja wa Makueni aliniambia hakulala. Nilimpelekea Mzee Muli malalamiko hayo akaniangalia kama mtoto. "Kelele inakunyima usingizi," akasema. "Umbali unakunyima mguu." Sikujua alikuwa anatabiri.

Baadaye nikahamishiwa mji wa Wote, chini ya Msimamizi wa Kanda, mtu mpole aliyependa chai kuliko kazi. Hakunisumbua. Alisema kiondo kikirudi bila ndengu yeye ameridhika. Miaka ile sikumpoteza mgeni, na hakuna kikundi kilichokosa kufika baharini kwa miguu yake. Andikeni hilo pia, maana barua yao ya kunifukuza haikuliandika.

Mzee Muli alistaafu, na kabla ya kuondoka akanipa kile kiondo kiwe changu. Nami nikapelekwa Malili, mahali mabasi yetu yalipokutania kabla ya kushuka pwani. Meneja wa Malili aliitwa Kitonga. Namtaja kwa jina, sina haja ya kumficha. Siku aliyoingia alikitundika kiondo changu kwenye msumari nyuma ya mlango na kusema kampuni imeendelea, mambo ya kubeba ndengu ni ya kizamani. Juu yake kulikuwa na Mkurugenzi Ndambuki, ambaye alisoma sana na hakuuliza chochote.

Kikundi kilichofuata kilitoka mjini Kabati. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Syombua, na pamoja naye mdogo wake, Mbithe. Kitonga hakunituma. Alisema hoteli ipo tayari, ni ya shemeji yake, ina bwawa la kuogelea na lango kubwa. Nikamuuliza, na bahari?

"Bahari ni hapo tu, dada. Unavuka barabara."

Nilijua neno hilo. Nilifundishwa kuliogopa siku yangu ya kwanza. Mama wa Kabati walipofika Malili asubuhi na leso zao mpya, Syombua aliniuliza kama nimetangulia. Kiondo kilikuwa nyuma yangu kwenye msumari, anakiona. Nikamwita mama kwa Kikamba, nikasema, "Ni karibu, mwaitu." Hapo ndipo kosa langu lilipo, na silifichi. Nililinda kazi yangu kwa maneno mawili.

Nikapanda basi pamoja nao. Hoteli ilikuwa upande wa pili wa barabara kuu, mbali na mji. Hakuna duka, hakuna kanisa, hakuna kitu isipokuwa lile bwawa, na mama zetu walilitazama kama birika la ng'ombe. Sasa, mtu wa kwetu akienda pwani ana jambo moja ambalo hawezi kurudi bila kulifanya: lazima ajaze chupa maji ya bahari kwa mkono wake mwenyewe. Nyumbani kuna mama mgonjwa anayeyangoja, kuna mtoto atakayeyaonja aamini kuwa yana chumvi. Huwezi kumwambia ayachote kwenye bwawa. Kwa hivyo asubuhi, chai ikiwa bado inachemka, wakatoka na chupa zao kuitafuta bahari. Niliwafuata mbio niwazuie wangoje basi. Tukafika barabarani pamoja. Lori lilitoka kwenye kona.

Sitaeleza zaidi. Mguu wangu wa kushoto sasa una vyuma. Mbithe hakuamka. Chupa yake ilikuwa mkononi, na ilikuwa tupu.

Siku ya nne Kitonga alikuja hospitalini na matunda. Aliweka matunda, akatoa vocha na kalamu. Tarehe ilikuwa ya kabla ya safari, na mahali pa sahihi ya mtangulizi palikuwa peupe.

"Weka sahihi hapa, dada, mambo yaishe. Kazi yako ipo, na hospitali kampuni itashughulikia."

Nilikuwa nimelala, mguu umening'inizwa, na sikuwa na mtu mwingine wa kunisaidia. Fikirini vizuri kabla hamjasema mngefanya nini. Nikaweka ile kalamu kwenye matunda yake.

"Nilishakufanyia uongo mmoja, Meneja. Ule wa pili utaubeba mwenyewe."

Aliondoka. Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya Mkurugenzi Ndambuki, kwamba nimeachishwa kazi kwa uzembe katika kuchagua hoteli. Hakuwa amenisikiliza hata dakika moja.

Watu wa Kabati walikuwa wamenisubiri nitoke hospitalini ndipo wafanye kikao cha kikundi. Nilikwenda na magongo, nikakaa nyuma karibu na mlango, tayari kutemewa mate. Kitonga alikuja kutoa pole za kampuni. Akasimama mbele ya kaka zake Mbithe, akasema kwa huzuni nyingi kwamba Ndinda ndiye aliyeichagua hoteli ile, na kampuni imechukua hatua.

Mama Syombua hakusimama. Aliuliza akiwa amekaa.

"Meneja, akaichagua kwa kiondo gani?"

Kitonga akasema haelewi.

"Mimi nilikiona kiondo kwenye msumari wako asubuhi tunaondoka. Na vumbi lake. Ndinda akitangulia, kiondo hakikai msumarini. Hata watoto wa Kabati wanajua hilo." Kisha akanigeukia mimi, na sauti haikuwa laini. "Na wewe, uliniambia ni karibu."

"Nilikuambia," nikasema. "Nilijua sijui."

Kitonga akachukua kofia yake.

Kesho yake nilikwenda Malili kwa magongo nikakitoa kiondo kwenye msumari. Kitonga alisema ni mali ya ofisi. Nikamwambia, kama ni cha ofisi, ofisi ikibebe mpaka baharini. Nikatoka nacho.

Sasa niko Kabati, nashona nguo, na sijafika umri wa kuitwa mstaafu. Nimestaafishwa. Kitonga bado ni meneja, Ndambuki bado ni mkurugenzi, nami bado nasema walichokifanya, kwa yeyote anayeleta sketi ya kupunguzwa. Wakitaka ninyamaze, watakuja wenyewe kuniambia.

Mwaka uliofuata ile ajali kikundi kilirudi pwani bila kampuni yoyote. Mimi siwezi tena kubeba. Syombua alikuja kwangu na kilo kumi za ndengu, hakusema kuhusu kusamehe, akainamisha kichwa nimfunge ukanda. Tulitangulia wawili. Hoteli tatu alizikataa kwa sababu alitua mzigo. Ya nne ilikuwa katikati kabisa, nyuma ya soko, kelele tupu. Alitembea mbele yangu mpaka mchangani, mimi nikichechemea nyuma, na hakutua. Alitua mzigo pale miguu ilipoguswa na maji. Akatoa kwenye kiondo, chini ya ndengu, chupa ya mdogo wake, akaijaza.