Kadi ya Mtandao na Vikombe vya Wageni

Jumamosi hiyo nilikuwa nyumbani kwa mama, Dagoretti, nikiweka mfumo wa Linux kwenye kompyuta yake kuukuu. Kila nikifika hatua ya mtandao, skrini inaniambia hakuna kadi iliyopatikana. Nilianza upya mara tatu, nikaitukana mashine, nikamlaani aliyeniuzia huko mjini ile kadi ndogo ya kuchomeka.

"Unagombana na nani?" mama akauliza.

"Kadi ya mtandao, mama! Niliichomeka huku nyuma jana, na bado haionekani!"

"Hiyo kitu mpya? Nilipopanguza meza asubuhi nikaiweka kabatini na vikombe vya wageni, isishike vumbi."

Nikaitoa kabatini, nikaichomeka tena, ikatambuliwa papo hapo. Mama akaitazama skrini, akaridhika.

"Ukimaliza," akasema, "irudishe kabatini."