Moshi wa Gari la Mama

Hyasinta Mafuru alirudi kijijini kwao Kiriba kumuuguza mama yake kwa wiki chache tu. Alikuwa fundi cherehani Bunda, ameachana na mume wa Kibara ambaye hakuzaa naye, na chumba chake cha kupanga alikitia kufuli akijua atakifungua kabla ya mvua za vuli. Hiyo ni miaka kumi na ushee iliyopita. Mama alipona, kisha magoti yakagoma, kisha moyo ukaanza kumwenda mbio. Cherehani ikaletwa kutoka Bunda, ikawekwa barazani. Hakuna aliyemwambia Hyasinta abaki. Hakuna pia aliyemuuliza kama anataka kuondoka.

Ndugu zake watatu walikuwa mbali. Apolinary, kifungua mimba, alifanya kazi ya bima Dar es Salaam. Jeska, anayemfuata, alikuwa mtumishi wa serikali Dodoma. Gody, kitinda mimba, aliuza vipuri vya magari Mwanza. Walimpenda mama yao, hilo halina ubishi. Kwenye kundi la simu lililoitwa "Familia ya Mzee Mafuru," kila Hyasinta alipoeleza walivyoamka, waliandika "Mungu ampe nguvu Mama." Kisha kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Habari ya gari ilianzia kwenye bodaboda. Siku moja ya kliniki, Hyasinta alimpakia mama katikati, yeye akakaa nyuma kumshikilia, na walipofika penye mchanga pikipiki ikalala. Mama alichubuka kiwiko. Hyasinta akatuma picha. Apolinary alipoiona aliandika: "Haiwezekani. Tunamnunulia Mama gari."

Ubishi ukaanza siku hiyohiyo. Apolinary alitaka gari la dizeli, refu, lenye viti vya kutosha familia nzima. Alisema dizeli ina nguvu, haili mafuta ovyo, na barabara ya kijijini haiiogopi. Gody akamjibu kwamba kaka anaongea kama mtu ambaye hajawahi kushika spana. Dizeli ikila mafuta machafu, nozeli za kupulizia mafuta zinakufa, pampu inafuata, na fundi wa pampu utamtafuta mpaka uchoke. Petroli hata Kiriba ipo, wavuvi wanaitumia kwenye injini za mitumbwi. Jeska hakujua injini, lakini aliogopa harufu ya dizeli itamsumbua Mama kifua.

Hawakuishia kuandika. Walipiga. Jioni baada ya kula, Hyasinta aliweka simu kwenye kigoda, akaifungulia sauti, na nyumba ikajaa watu. Mama Marcelina alifumba macho akisikiliza wanawe wakigombana kama walivyogombana zamani kwa kichwa cha samaki sato. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, wewe unasemaje?" Apolinary aliuliza.

"Baba yenu alisemaga dizeli ndiyo injini. Ile mashine ya kusaga haikuwahi kumwangusha."

"Mmesikia!" Apolinary akafurahi.

Kesho yake, Gody alipoonekana amekubali yaishe, Mama akavuta pumzi. "Lakini petroli nayo haipigi kelele. Mimi na huu moyo wangu, kelele sizipendi." Ubishi ukaanza upya. Hyasinta alimtazama mama yake. Mama alikuwa anakunja kanga yake taratibu, hamtazami mtu.

Yakapita majira mazima hivyo. Katika ubishi wote ule hakuna aliyeuliza nani ataliendesha hilo gari. Hyasinta alikwenda mwenyewe Bweri, mjini Musoma, kwa mwalimu mmoja anayeitwa Nathanieli, akajifunza kwenye gari bovu lenye klachi ngumu, akapata leseni. Alipoituma picha ya leseni, Jeska aliandika "Hongera," na Gody akauliza gari alilojifunzia lilikuwa petroli au dizeli.

Mwishowe Apolinary, aliyechangia sehemu kubwa, alinunua la dizeli. Akasema litafika Jumamosi.

Jumamosi Mama alioga mapema, akavaa kitenge cha Pasaka. Hyasinta alichinja jogoo. Gari lilipoingia uani, jeupe, refu, Mama alisimama bila kushikwa mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Mlango ukafunguliwa. Akashuka kijana mrefu mwenye kofia.

"Shikamoo, Mama. Mimi ni dereva tu. Bosi Apolinary kanituma nilete gari."

"Marahaba, mwanangu," Mama alisema. Aliendelea kulitazama gari kidogo, kama vile kuna mwingine atashuka upande wa pili. Kisha akakaa. "Hyasinta, mpe mgeni maji anawe."

Dereva alikula, akasifu kuku, akamkabidhi Hyasinta funguo, akaomba bodaboda imuwahishe kwenye basi Musoma. Viti vya nyuma vilikuwa bado na nailoni.

Baada ya hapo simu ilinyamaza. Siyo kwa ubaya. Shida ilikuwa imekwisha, kila mtu akapumua. Kwenye kundi zikaja sala za asubuhi, tangazo la msiba wa mtu wa Butiama, picha ya keki. Hyasinta alimpeleka Mama kliniki vizuri, barabara haikumtetemesha, na walirudi kabla ya jua kali. Jioni waliketi wawili. Mama aliitazama simu pale kigodani.

"Mtandao upo?"

"Upo, mama."

"Haya."

Aliuliza hivyo jioni nyingi. Jioni moja Hyasinta alichukua simu, akaandika kwenye kundi: "Gari linatoa moshi mweusi." Hakuwa ameketi vizuri simu ikaita.

"Moshi wa namna gani?" Apolinary.

"Nilisema!" Gody akaingia. "Nilisema mimi! Umeweka mafuta wapi, dada? Sheli ipi?"

"Jamani, Mama asikae humo kama kuna moshi," Jeska akasema, na sauti yake ilikuwa karibu kama yuko chumbani.

Mama alijivuta na kigoda chake. Uso ulikuwa umeng'aa. Hyasinta aliona aibu, lakini aliona na ule uso, akaendelea. Kesho yake akasema moshi unatoka likipanda mlima. Siku nyingine akasema injini inagonga asubuhi. Alijifunza maneno ya ugonjwa wa dizeli kutoka kwao wenyewe, akawarudishia.

Ndipo Gody aliposema, "Dada, usiliwashe tena. Nakuja mwenyewe."

Alikuja kweli, na begi la spana. Mama alimshika mashavu kwa mikono miwili, akasema amekonda, akamwita kwa jina la utotoni ambalo Hyasinta alikuwa amelisahau. Gody alikunywa uji, akafungua boneti, akawasha. Akakanyaga mafuta. Akazunguka nyuma, akainama, akaweka kiganja kwenye bomba la moshi. Akamwambia Hyasinta waende mpaka mlimani.

Kileleni Gody alizima injini. Chini yao ziwa lilikuwa limetulia.

"Dada, moshi uko wapi?"

"Hakuna moshi, Gody. Haujawahi kutoka."

Alimgeukia. "Unasemaje? Nimefunga duka."

"Mlipokuwa mnabishana mlipiga kila siku. Gari likaja, mkanyamaza. Mama ananiuliza kama mtandao upo."

"Si ungesema tu?"

"Nilisema. Nilisema Mama amewakumbuka. Mkaandika 'tutakuja Mungu akipenda.'"

Gody aliwasha injini, akageuza gari. Hasira ilikuwepo, Hyasinta aliiona kwenye taya, lakini hakuitoa. Waliporudi alimwambia Mama gari limepona. Kwenye kundi aliandika kwamba nozeli zilikuwa na uchafu, amezisafisha, na kwamba dizeli inataka mtu wa kuiangalia. Alilala siku moja, akaondoka. Kwa muda alipiga kila Jumapili. Kisha zikapita Jumapili mbili, kisha zikapita zaidi.

Siku ya kliniki iliyofuata, walipotoka hospitali Musoma, Mama alisema, "Mafuta yapo?"

"Yapo. Nimejaza."

"Basi twende Bunda kwa Debora."

Debora alikuwa mdogo wake, mjane kama yeye. Hawakuwa wameonana tangu mazishi ya mzee Mafuru. Hyasinta alitaka kusema ni mbali, kwamba hawakumpa taarifa, lakini alikwisha kushika barabara ya lami. Wakapita Kiabakari. Mama alichungulia dirishani mashamba ya pamba, akitaja watu aliowajua, wengi wamekufa.

Debora alikuwa anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu. Alipotambua ni nani anayeshushwa garini, aliangusha ungo. Wale wazee wawili wakashikana wakaanza kuongea Kijita, lugha ya kwao, kwa kasi ambayo Hyasinta hakuwahi kuisikia kwa mama yake. Waliongea mpaka chakula kikapoa. Yeye aliosha vyombo, akafagia uwanja ambao ulikuwa umefagiliwa, akakaa kizingitini. Ndani walicheka jambo la kabla hajazaliwa.

Jioni Mama alisema, "Mimi nabaki kidogo. Debora ana nafasi. Wewe utakuja kunichukua."

"Lini, mama?"

"Nitakwambia."

Hyasinta aliacha dawa, akamweleza mama mdogo ipi ya asubuhi na ipi ya kulalia, akaondoka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa peke yake ndani ya lile gari. Alifungua redio, akaizima. Kiriba alikuta kuku wamejilaza wenyewe. Alikuwa bado hajafungua mlango wa nyumba simu ilipoita. Ni Jeska.

"Hyasinta, mpe Mama niongee naye."

"Mama hayupo. Yupo Bunda, kwa mama mdogo."

"Ah! Vizuri, amebadilisha hewa. Basi acha nimpigie kwenye simu ya mama mdogo."

"Haya, dada," Hyasinta alisema, na simu ilikuwa imeshakatika kabla hajaulizwa yeye yu hali gani. Alisimama uani na funguo mkononi, akisikia injini ikitoa ile milio midogo ya chuma kinachopoa, kisha akaingia ndani kuwasha taa.